Mada ya 9: Kulinda Maungio ya Sakafu za Zege Lililong'arishwa

Katika baadhi ya maduka, ofisi na maghala mapya, sakafu haina vigae wala niru. Ni zege lenyewe, limesuguliwa kwa diski za almasi mpaka likang'aa. Ukitazama chini kwa makini utaona mistari myembamba, iliyonyooka, inayoigawa sakafu katika miraba. Mistari hiyo si urembo. Ni maungio, na yakiachwa bila ulinzi huwa sehemu ya kwanza ya sakafu kuharibika.

Mada hii inamhusu mtahiniwa wa Dodoma kwa namna ya pekee. Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, hadi mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018 na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, ujenzi umekuwa moja ya kazi kubwa za mkoa. Wengi wenu mtafanya kazi hiyo, mtaisimamia au mtailipia.

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini sakafu ya zege huwekewa maungio;
(b) kutofautisha aina tatu za maungio;
(c) kukokotoa nafasi kati ya maungio, kina cha mkato na ujazo wa kijazio;
(d) kueleza hatua za kulinda maungio wakati wa ujenzi na baada yake;
(e) kutaja tahadhari za usalama kwa fundi.

9.1 Kwa nini maungio yanahitajika

Zege huchanganywa na maji mengi kuliko yanayotumiwa na saruji katika kukauka na kuwa gumu. Maji yanayobaki huondoka polepole kwa kugeuka mvuke, na zege husinyaa. Kama jamvi lingekuwa linaelea, lingesinyaa bila madhara. Lakini jamvi limelala juu ya kifusi kilichoshindiliwa, limebanwa na kuta na nguzo, hivyo linazuiwa kujivuta. Hapo ndipo mvutano huzaliwa ndani yake. Zege hustahimili sana kugandamizwa, ila uwezo wake wa kustahimili mvutano ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo huo. Matokeo yake ni ufa.

Mfano 1. Ghala la nafaka lina jamvi la urefu wa mita 18, upana wa mita 9 na unene wa milimita 150. Chukulia kuwa zege linasinyaa kwa 0.0005 ya urefu wake, na kwamba hutanuka kwa 0.00001 ya urefu wake kwa kila nyuzijoto 1. Linganisha mabadiliko ya urefu yanayotokana na kusinyaa na yale yanayotokana na tofauti ya joto ya nyuzijoto 15.

Urefu = milimita 18,000
Kusinyaa = 18,000 × 0.0005 = milimita 9
Badiliko la joto = 18,000 × 0.00001 × 15 = milimita 2.7

Kusinyaa ni zaidi ya mara tatu ya badiliko la joto. Tena, badiliko la joto huja na kurudi kila siku, wakati kusinyaa kwa sehemu kubwa hakurudi. Mtahiniwa anayeandika kuwa zege hupasuka "kwa sababu ya jua" peke yake ameacha sababu iliyo kubwa zaidi.

Hali ya Dodoma huzidisha tatizo. Nyanda za kati ni nusu jangwa. Mvua hunyesha msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu na yenye upepo. Maji hutoka juu ya zege haraka kuliko chini yake, kwa hiyo uso husinyaa mapema zaidi kuliko kina.

Kwa kuwa ufa hauna budi kutokea, fundi huuchagulia mahali. Hukata mstari ili jamvi liwe jembamba hapo, na zege linapojivuta hupasuka chini ya mstari huo, mahali pasipoonekana. Kwa maneno mengine, ungio ni ufa uliopangwa. Jibu lako la mtihani lianzie hapo.

Wazo hili si geni. Sakafu za teraso katika shule, benki na hospitali nyingi za zamani zimegawanywa kwa vibanzi vya glasi, plastiki au shaba. Vibanzi hivyo hutenga rangi, na pia huipa teraso mahali pa kujivutia bila kupasuka ovyo.

9.2 Aina tatu za maungio

(a) Maungio ya kuelekeza ufa. Hukatwa kwa msumeno juu ya zege changa. Kina cha mkato kisipungue robo ya unene wa jamvi. Kazi yake ni kuuongoza ufa.

(b) Maungio ya ujenzi. Hutokea pale kazi ya siku moja inapoishia na ya siku nyingine kuanzia. Pande mbili hukutana moja kwa moja. Mara nyingi huwekwa vyuma laini vya kuunganisha pande hizo, ili upande mmoja ukibebeshwa mzigo usishuke peke yake.

(c) Maungio ya kutenga. Huzunguka nguzo, kuta na misingi ya mashine. Hupita unene wote wa jamvi, nayo hujazwa kitu laini kinachobonyea, kwa mfano ubao wa sponji. Kazi yake ni kuruhusu jamvi na nguzo kila kimoja kisogee kivyake.

Zingatia tofauti hii, kwa maana ulinzi wote unaitegemea: aina (a) na (b) zikishatulia zinahitaji kuegemezwa, aina (c) inahitaji kuachwa isogee maisha yote ya jengo. Anayejaza ungio la kutenga kwa kitu kigumu amelifunga jamvi kwenye nguzo, na ufa utatokea pembeni, kwenye zege zima.

9.3 Ukingo wa ungio humegukaje?

Sakafu yenyewe inaweza kuwa ngumu na laini kama kioo, lakini kwenye ungio kuna kingo mbili zisizo na kitu cha kuziegemeza. Gurudumu dogo na gumu likifika hapo huanguka kidogo katika uwazi, kisha hugonga ukingo wa ng'ambo. Safari moja haidhuru. Safari elfu moja humega.

Mfano 2. Toroli lenye magurudumu manne limebeba magunia; uzito wote ni kilogramu 400. Kila gurudumu la chuma hugusa sakafu kwa eneo la sentimita 1 ya mraba. Gurudumu la mpira wenye upepo hugusa kwa sentimita 20 za mraba. Linganisha kanieneo.

Mzigo wa kila gurudumu = 400 ÷ 4 = kilogramu 100, yaani kani ya niutoni 1,000
Chuma: 1,000 ÷ 1 = niutoni 1,000 kwa sentimita ya mraba
Mpira: 1,000 ÷ 20 = niutoni 50 kwa sentimita ya mraba

Mzigo ni uleule, lakini gurudumu la chuma hugandamiza mara 20 zaidi. Ndiyo maana mlango wa ghala, njia ya kupitisha vitanda vya wagonjwa na mahali pa kushushia mizigo dukani huharibika kabla ya sehemu nyingine za sakafu.

Hasara haiishii kwenye sura ya sakafu. Katika maghala ya nafaka, kwa mfano katika Wilaya ya Kongwa ambako Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, ungio lililo wazi hukusanya punje na vumbi la unga. Ufagio haufiki ndani, na fukusi na dumuzi hupata pa kuzaliana wakisubiri mavuno mapya. Ungio lililo wazi pia ni njia ya unyevu kutoka ardhini. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumukuvu hutokana na kuvu, na kuvu hupenda nafaka yenye unyevu. Sakafu kavu na safi haitoshi peke yake. Nafaka lazima ikaushwe vizuri na magunia yawekwe juu ya vichanja. Hata hivyo, sakafu hiyo ni sehemu ya kinga.

9.4 Ulinzi unaoanza siku ya kumwaga zege

1. Andaa kitako. Kifusi kishindiliwe sawasawa. Penye udongo wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, udongo huo uondolewe au kazi ifuate ushauri wa mhandisi. Ungio haliwezi kuokoa jamvi ambalo chini yake panashuka.

2. Punguza maji kwenye mchanganyiko. Maji mengi hurahisisha kumwaga, lakini huongeza kusinyaa na kudhoofisha uso utakaosuguliwa.

3. Panga maungio kabla ya kumwaga. Nafasi kati ya mistari iwe kama mara 30 ya unene wa jamvi. Vipande viwe karibu na mraba. Upande mrefu usizidi mara moja na nusu ya upande mfupi. Inapowezekana, mistari isipite mlangoni au kwenye njia kuu ya matoroli.

4. Kata kwa wakati. Mara nyingi mkato hufanywa kati ya saa 4 na saa 12 baada ya kumaliza kusawazisha. Katika upepo mkavu wa Dodoma muda huo huwa mfupi. Fundi hujaribu mkato mmoja: kokoto zikichomoka kando ya mstari, ni mapema mno, ufa ukitangulia mbele ya msumeno, amechelewa. Mkato wa mapema huacha kingo zilizong'oka, na kingo hizo hazitakuwa imara tena.

5. Tunza unyevu. Zege lifunikwe na kumwagiliwa kwa siku zisizopungua 7. Maji ni ya thamani katika nyanda za kati, kwa hiyo usiyamwage yakapotea. Lowesha magunia, yatandaze, kisha funika kwa nailoni iliyobanwa kingoni. Maji kidogo yatakaa muda mrefu.

6. Zuia matoroli na magari kupita juu ya maungio yasiyojazwa. Ikibidi kupita, laza mbao nene juu ya mstari.

9.5 Kujaza maungio

Lini? Kadiri unavyochelewa ndivyo bora. Zege likiendelea kusinyaa, ungio huendelea kupanuka. Katika ghala la Mfano 1, vipande vya mita 4.5 husinyaa 4,500 × 0.0005 = milimita 2.25 kila kimoja. Ukijaza wakati theluthi moja tu ya kusinyaa imekwisha, bado kuna milimita 1.5 za kupanuka. Kwenye mkato wa milimita 4, kijazio kigumu hakiwezi kuvutika kiasi hicho; kitabanduka upande mmoja. Subiri angalau siku 28, na ikiwezekana miezi miwili au mitatu. Juni na Julai, miezi ya baridi na ukavu Dodoma, maungio huwa wazi zaidi. Ni wakati mzuri wa kujaza na kukagua.

Kwa nini? Kwa maungio ya kuelekeza ufa na ya ujenzi hutumika kijazio kigumu kiasi, cha epoksi au poliyurea. Kiwe kigumu vya kutosha kubeba gurudumu, lakini kisiwe kigumu kama zege. Silikoni laini haifai hapa, kwa kuwa gurudumu litaibonyeza na kugonga ukingo kama kawaida. Chokaa cha saruji nacho hakifai: hakinyumbuliki, hivyo hupasuka na kutoka vipande vipande. Kwa maungio ya kutenga ni kinyume chake: juu ya ubao wa sponji huwekwa kizibo laini kinachovutika.

Hatua za kazi:
1. Sugua sakafu kwa diski za kukwaruza, ambazo ni hatua za kwanza za kung'arisha.
2. Safisha mkato kwa kupitisha diski nyembamba ya almasi pande zote mbili, kisha fyonza vumbi. Kijazio hakishiki juu ya vumbi, tope la kusugulia wala mafuta.
3. Hakikisha ndani ni pakavu.
4. Jaza kina chote cha mkato. Usiweke kamba ya sponji chini ya kijazio kigumu; kijazio kinatakiwa kuegemea kwenye zege. Mchanga mkavu kidogo unaruhusiwa chini kabisa, kuzuia kisivuje kwenye ufa.
5. Kijazie kipite juu kidogo ya sakafu, kiache kikauke, kisha kikate kwa wembe mpana kiwe sawasawa na sakafu. Kikiwa chini ya uso wa sakafu, ukingo hauna ulinzi.
6. Endelea na diski laini mpaka sakafu ing'ae.

Mfano 3. Kokotoa kijazio kinachohitajika katika ghala la Mfano 1 ikiwa mkato una upana wa milimita 4.

Nafasi ya mistari = 150 × 30 = milimita 4,500 = mita 4.5
Vipande: 18 ÷ 4.5 = 4 kwa urefu; 9 ÷ 4.5 = 2 kwa upana; jumla vipande 8
Mistari: 3 ya mita 9, na 1 ya mita 18; jumla 27 + 18 = mita 45
Kina = 150 ÷ 4 = milimita 37.5, tumia milimita 38
Ujazo = 0.004 × 0.038 × 45 = mita za ujazo 0.00684 = lita 6.84
Ukiongeza asilimia 10 ya upotevu, utanunua karibu lita 7.5.

9.6 Matunzo

Fagia na kupiga deki kwa sabuni isiyo na asidi. Siki, maji ya limau na dawa kali za chooni hula misombo ya kalisi iliyomo kwenye zege, nazo huanzia kingoni. Tumia matoroli ya magurudumu ya mpira. Kagua maungio angalau mara moja kwa mwaka. Kijazio kikiwa kimebanduka kidogo, ongeza kijazio chembamba kwenye mwanya. Ukingo ukiwa umemeguka, usipake saruji juu yake: kata pande zote mbili kwa mstari ulionyooka mpaka ufike zege imara, ondoa vipande, jaza kiraka cha epoksi, kisha kata ungio upya mahali palepale. Usipolikata upya, zege litapasua kiraka.

9.7 Usalama wa fundi

Mchanga na kokoto vina silika. Ukikata zege kavu kwa grainda, hutoka vumbi jembamba lisiloonekana lote kwa macho. Vumbi hilo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa, ambao pia huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Tumia maji wakati wa kukata, au mashine yenye kifyonza vumbi, pamoja na barakoa maalumu ya vumbi, miwani na vizibo vya masikio. Sakafu hubomolewa ikajengwa upya. Mapafu hayana fundi wa kuyajenga.

Makosa yanayopunguza alama

1. Kuandika kuwa maungio "huzuia zege kupasuka". Sahihi: huelekeza mahali pa kupasuka.
2. Kutaja kijazio kimoja kwa aina zote za maungio.
3. Kusema ungio lijazwe mara baada ya kukatwa.
4. Kutoa kina cha mkato bila kutaja unene wa jamvi.
5. Kusahau vizio katika hesabu.

Swali la mfano

Mwenye duka analalamika kuwa miezi sita baada ya kuhamia, kingo za maungio karibu na mlango wa stoo zimemeguka, ilhali sehemu nyingine za sakafu ni nzima. Maungio yalijazwa silikoni laini wiki mbili baada ya kumwaga zege. Eleza sababu mbili za uharibifu na pendekeza marekebisho. (Alama 10)

Jibu. Sababu ya kwanza ni aina ya kijazio: silikoni laini hubonyea chini ya gurudumu gumu, hivyo ukingo hugongwa bila egemeo. Uharibifu uko mlangoni kwa sababu ndipo matoroli yenye mizigo hupita zaidi. Sababu ya pili ni muda: baada ya wiki mbili zege lilikuwa bado linasinyaa, ungio likapanuka na uwazi ukaongezeka. Marekebisho: kuondoa silikoni yote, kukata kingo zilizomeguka na kuziba kwa epoksi, kukata ungio upya, kusafisha na kukausha, kujaza kina chote kwa epoksi ngumu kiasi na kuisawazisha na sakafu, kisha kubadili magurudumu ya matoroli yawe ya mpira. Maungio yanayozunguka nguzo yaachwe na kizibo laini.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini ungio huitwa ufa uliopangwa?
2. Tofautisha ungio la ujenzi na ungio la kutenga kwa hoja tatu.
3. Jamvi la zahanati lina mita 12 kwa mita 6 na unene wa milimita 100. Mkato una upana wa milimita 4. Tafuta (a) nafasi ya mistari. (B) idadi ya vipande. (C) jumla ya urefu wa mistari. (D) ujazo wa kijazio kwa lita.
4. Fundi anataka kukata zege kesho yake alasiri baada ya kumwaga asubuhi, mwezi wa Septemba, Dodoma. Mshauri, ukitoa sababu.
5. Eleza jinsi ungio lililo wazi linavyoweza kuharibu nafaka iliyohifadhiwa ghalani.

Majibu ya swali la 3: (a) mita 3, (b) vipande 8, (c) mita 30, (d) lita 3.

Muhtasari

Zege litasinyaa na litapasuka. Fundi huchagua wapi. Kata kwa wakati, kwa kina cha robo ya unene. Subiri kabla ya kujaza. Ungio linalobeba magurudumu liegemeze kwa kijazio kigumu kiasi. Ungio la nguzo na ukuta liache lisogee. Kinga mapafu yako kabla ya kukinga sakafu.